Mashine ya mama iko Utemini

Witness, ile mashine ya oksijeni ya mama nimeiona leo. Haiko Dodoma kwa fundi. Iko hapa Utemini, sebuleni kwa mzee Hussein.

Nilikwenda kumjulia hali tu. Juu ya mashine kuna kitambaa cheupe, kile alichokifuma mama mwenyewe. Nilidhani nimefananisha.

Mke wake ananiambia, "Kaka yako Leonard ana roho nzuri, mwanangu. Anatukodisha kwa bei nafuu kuliko madukani."

Anatukodisha. Witness, kaka yangu anakodisha pumzi ya mama.

Nikatoka nje, nikampigia. Hata hakukana. "Mama si ana mtungi wa kuazima? Na usithubutu kuichomoa hiyo mashine, mzee atakufia mikononi."

Mtungi unaisha leo, na anajua. Nilimwambia asubuhi.

Nikarudi ndani. Mzee amelala, kifua kinapanda na kushuka taratibu. Sikuweza kuichomoa.

Sasa niko kwenye bajaji, nampeleka mama hospitali. Anahema kwa shida, na bado ananiuliza kama Leonard amekula.