Aliyemnyang'anya Lalo Mpira

Palo Blanco, Texas
Alhamisi, 17 Novemba 1983

Mama mpendwa,

Nisamehe kwa kukaa kimya muda mrefu hivi. Barua zako tatu zimelala juu ya jokofu tangu mwezi uliopita, na ya nne, ile aliyonikabidhi Don Cuco wa lori juzi aliposhusha matufaha, imenifanya nione aibu hata kupita jikoni kwangu. Zulema anaota meno na hataki kulala, Nico amekohoa wiki mbili mfululizo, na nepi hazikauki kwa huu ukungu. Lakini kwa wiki hizi mbili za mwisho hizo ni sababu za mdomoni tu. Sababu yenyewe nitakueleza humu humu, usinikimbize.

Naomba baraka yako kama vile nimesimama mbele yako mlangoni, na ya Baba pia. Mgongo wake unaendeleaje? Mwambie aache kubeba ngazi za watu, achume matufaha ya chini, wavulana wa kupanda juu wapo. Je, lile jiko la kambini limetengenezwa, au bado mnapikia nje kwenye baridi hiyo? Sisi huku ni wazima. Zulema ametimiza miezi mitano na ana mashavu yako. Nico anamwita kila mtu kocha, hata padri.

Sasa nijibu barua yako. Umeandika kwamba rafiki yako Ofelia alikupigia simu pale ghalani akakwambia alisikia redioni mchezo mzima wa Ijumaa, na jina la mdogo wangu Lalo likatajwa mara tatu tu. Umeandika kwamba mwaka huu kwa mara ya kwanza mlikwenda kaskazini kuchuma matufaha bila yeye, mkamwacha kwangu, mkapungukiwa mikono miwili bustanini, ili asichelewe msimu kama miaka yote, na aonekane. Na siku bwana wa chuo anayetafuta wachezaji alipokuja kumwona, mkweo Homero, aliye kocha wake, akampa mpira mtoto wa watu. Umesema mtu wa namna hiyo hujui utamsalimiaje Krismasi. Yote nimeyasoma, Mama, mara mbili, na Homero sijamwonyesha. Nisikilize kwanza ilivyokuwa.

Lalo hajakuangusha. Mpaka tunamaliza michezo ya kawaida alikuwa amekimbia na mpira mkononi yadi elfu moja na mia tatu, na hakuna mwingine bonde zima aliyefika hapo. Barabarani wazee wanamsimamisha kumshika mabega. Na jinsi anavyokimbia umemwona mwenyewe: anaupokea mpira, anasimama kidogo nyuma ya wenzake, anacheza miguu huku na huku mpaka aone upenyo, halafu humwoni tena. Ni raha kumtazama. Ila wale watano wa mstari wa mbele, wanaozuia watu ili yeye apate huo upenyo, kwao si raha sana.

Hao watano nawajua kuliko unavyodhani, kwa sababu kila Alhamisi wanakula hapa kwangu. Ni desturi ya timu: mkimbiaji huwalisha wanaomzuilia. Kwa hiyo mkimbiaji ni Lalo, mpishi ni mimi. Natengeneza chapati za mahindi sitini, sufuria mbili za maharage, na nyama yoyote tuliyojaliwa, na hakibaki kitu cha kumpa paka. Usidhani ni majitu. Chema, anayesimama katikati na kuutoa mpira, ana ratili mia na sitini na nane akiwa amelowa mvua. Ponciano ndiye mkubwa wao, na viatu vyake vinanitosha mimi. Lakini midomo, Mama! Wiki moja kabla ya mchezo wa Ijumaa Ponciano alimwambia Lalo mbele ya wote, "Bwana mdogo, sisi tunakufa huku mbele, wewe unachana nywele huko nyuma. Ukimaliza utuambie basi, tuzikwe." Lalo akamjibu kwamba uzuri hauna haraka. Wakacheka mpaka Zulema akaamka, nikawafokea wote, na Chema akaosha vyombo kama adhabu.

Timu tuliyopangiwa kwenye mtoano ilitoka juu, kaskazini mwa bonde, kule wanakolishwa maziwa. Katikati ya safu yao ya ulinzi kulikuwa na mvulana wa ratili mia mbili themanini na tano. Wavulana wetu walipomwona kwenye filamu walimpa jina palepale, Trela. Huyo ndiye Chema alitakiwa amzuie. Timu zetu za bondeni tumeshazoea: tunashinda nyumbani, halafu Novemba tunakwenda kukutana na matrela, na Jumamosi asubuhi watu wanasema basi, watoto wamejitahidi.

Jumatatu ya wiki ya mchezo, mbele ya timu nzima, Homero akatangaza kwamba mpira atabeba Tacho Villafranca, na Lalo atatangulia mbele yake kufungua njia. Tacho unamkumbuka, mtoto wa fundi matairi, mfupi, anakimbia ameinamisha kichwa kama anatafuta kitu kilichodondoka. Hana hata tone la urembo. Lalo mwenyewe alikuwa akimwita mbuzi wa gizani. Nasikia wale watano waligeuka wote kumtazama Lalo. Kisha Lalo akasema, "Sawa, shemeji," akavaa kofia yake ngumu, akaenda kusimama alipoambiwa. Nyumbani, siku tatu mfululizo, alikula, akamwogesha Nico, akafunga mlango.

Alhamisi wale watano walikuja kula, na Tacho akaja nyuma yao, akasimama mlangoni hajui aweke wapi mikono. Mimi nilikuwa nimeshika kijiko kikubwa cha kupakulia. Lalo alikuja akakichukua mkononi mwangu, nikafikiri anataka kupakua yeye kama kawaida. Akaenda mpaka kwa Tacho akampa. Akamwambia, "Wewe ndiye unawalisha leo. Anza na Chema. Na usiwapunje, kesho ndio watakuokoa." Tacho akapakua haraka haraka, akamwagia Ponciano maharage mapajani, Ponciano akapiga kelele kwamba sasa ndio amepata mkimbiaji wa kweli, asiyesubiri hata sahani ifike. Kila mtu alicheka, Lalo naye alicheka. Mimi nilikwenda kuangalia nepi kwenye kamba, ingawa nilijua bado ni mbichi. Mama, huyo ni mwanao. Ana miaka kumi na saba. Sijui wanaume wazima wangapi wangeweza kukitoa kile kijiko.

Mchezo wenyewe niliutazama nimembeba Zulema kifuani, Nico kapanda mabegani kwa mtu nisiyemjua. Tacho alibeba mpira mara thelathini na moja. Hakukimbia mbali hata mara moja. Yadi nne, yadi tatu, yadi tano, anaanguka, anaamka. Chema aligongwa na Trela mpaka jezi ikachanika begani, lakini kila mara alimshika kwa ule muda mfupi uliotakiwa, na muda ulipokwisha Tacho alikuwa ameshapita. Na mbele ya Tacho ni Lalo, ratili mia na sitini, anakwenda kuingia miguuni mwa watu waliomzidi mara moja na nusu. Mara nyingine alijifanya ana mpira akakimbia pembeni mikono mitupu, na walinzi wawili wakamfuata kwa sababu jina lake walikuwa wamelisoma magazetini. Watu walishangilia upande mwingine, na yeye alikuwa chini ya watu wawili, hana kitu. Tulishinda kumi na nne kwa kumi. Hakuna timu ya mji huu iliyowahi kufika hapa. Padri aligonga kengele bila kuombwa.

Bwana wa chuo sitakuficha. Aliondoka kabla robo ya mwisho haijaanza. Nilimwona akifunga daftari lake na kushuka ngazi. Hajapiga simu.

Sasa ile sababu yangu, Mama. Kaa chini kwanza.

Jumapili ile kabla ya mchezo, baada ya misa, Homero alitundika shuka ukutani na kuwasha mashine ya filamu, na kocha mkuu, Bwana Treviño, akaja kukaa naye. Walitazama michezo yetu, kisha ya wale wa juu. Bwana Treviño alitaka Lalo apewe mpira mara thelathini na Mungu asaidie. Homero alinyamaza. Nilijua kwa nini ananyamaza. Akimsifu Lalo watasema anampendelea shemeji yake, akimkosoa ataonekana anajikosha. Tangu Agosti, alipoanza kumfundisha, mume wangu hajaweza kusema neno la kweli juu ya ndugu yangu, zuri wala baya.

Mimi nilikuwa kwenye kiti cha nyuma nampigapiga Zulema mgongoni ili acheue. Nikajikuta nampiga kwa kufuata filamu. Chema anatoa mpira, naanza: moja, mbili, tatu. Lalo huamua njia kwenye pigo la nne, siku nyingine la tano. Tacho, zile mara chache alizoingia, kwenye la pili ameshaondoka. Kisha wakaweka ya wale wa juu, nikahesabu muda ambao mtu yeyote aliweza kumzuia Trela. Mapigo matatu. Hakuna aliyefika nne. Nikawaomba wairudishe filamu nyuma, wakairudisha, nikahesabu tena. Tatu. Zulema alikuwa ameshacheua zamani.

Basi nikasema. Niliwaambia wote wawili, Lalo atavunjwa, na Chema atavunjwa akimsubiri. Mpeni Tacho. Bwana Treviño akageuka kunitazama kana kwamba jiko limeongea. Akanicheka kidogo, akaniuliza kama nimesahau Lalo ni nani kwangu. Nikamwambia sijasahau, ndiyo maana nasema mimi, kwa sababu huyu mume wangu hawezi. Akaomba nihesabu kwa sauti, akahesabu na yeye, kidole mezani. Hakucheka tena.

Kwa hiyo, Mama, Homero alitangaza tu. Aliyemnyang'anya mwanao mpira ni mimi niliyemlea. Nilijua bwana wa chuo anakuja. Nilijua mmekwenda kaskazini kwa ajili ya nini. Siku zote hizi Homero amelibeba jina hilo baya na hajasema neno, na mimi nikamwacha alibebe kwa sababu nilikuogopa. Hilo ndilo naliombea msamaha. Lile la kuhesabu siliombei. Ningerudia kesho. Ukiwa na hasira niandikie mimi, na yeye umsalimie Krismasi kama mwanao.

Lalo nilimwambia Jumamosi asubuhi, anakanda goti kwa barafu. Nilimwambia bila kuzunguka. Aliiweka barafu chini, akaniuliza Tacho nilimhesabia ngapi. Nikamwambia mbili. Akauliza yeye ngapi. Nikamwambia nne, na tano. Akasema, "Tano? Dada, tano nakataa." Tangu Jumatatu amekuwa akibaki na wale watano baada ya mazoezi, na jana alinivuta mpaka uwanjani na mtoto mgongoni nikasimame kando nimhesabie. Amefika tatu, mara nyingine mbili na nusu. Ponciano anasema nywele zimeanza kuvurugika. Jumamosi hii watabeba kwa zamu, yeye na Tacho, na safari hii Bwana Treviño alikuja mwenyewe kuniuliza.

Msalimie Baba, umsomee barua yote, usimrukie sehemu. Wasalimie wote wa kambini. Homero anakuamkia kwa heshima, hajui nilichoandika. Nico anakutumia busu lenye makamasi.

Don Cuco anaondoka kesho asubuhi na atarudi huku wiki ijayo, kwa hiyo mpe aniletee vitu hivi: ndoo mbili za matufaha yaliyogongwa, yale wanayotupa, kwa ajili ya Alhamisi; koti la buluu la Nico lililobaki kwenye sanduku lenu; dawa ile ya kuchua ya Baba, chupa moja, ya bega la Chema; pini za nepi, dazani moja, huku zimeadimika; na cheti cha kuzaliwa cha Lalo, kile chenye muhuri, si nakala, kwa sababu nimeandikia vyuo vinne mimi mwenyewe, filamu ya Ijumaa Homero amekwisha kuifunga tayari kwa posta, fomu zote nimejaza, na mahali pa cheti tu ndipo pamebaki wazi.

Binti yako,
Nereida