Jumamosi za Chanjo Kawangware

Kawangware, Nairobi
14 Oktoba 1984

Kwa dada yangu mpendwa Seline,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mume wangu Nashon. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu, mguu wa mama umepungua kuvimba, na mvua imewafikia, maana redio inasema njaa imeshika kila mahali. Sisi huku tunakula unga wa mahindi ya njano ya kutoka ng'ambo kama watu wengine wote. Unapikika, lakini tumbo bado linaukataa. Mwanao Amolo yuko. Habari zake nitakuandikia, ila naomba uniruhusu nianzie jambo lilipoanzia, kwa sababu nikianza na mwisho hutaelewa, na mimi sitaweza kuendelea. Najua unasoma polepole. Tafadhali soma mwenyewe, usimpe mwalimu wala mtoto wa jirani akusomee.

Umeniandikia mara tatu tangu Juni na sijajibu hata moja. Barua zako hazikupotea. Zote ninazo, ziko chini ya godoro. Kila nikikaa niandike, mkono unakuwa mzito, basi naamka naenda kuteka maji hata kama mtungi umejaa. Nimechoka, dada. Sijui kama kuna uchovu mwingine kama huu wa kubeba neno ambalo hujalisema.

Unajua kwamba mwaka jana nilichaguliwa kuwa mhudumu wa afya hapa mtaani, lakini sikuwahi kukueleza ilitokeaje. Watu wa wizara walikuja pamoja na watu wa baraza la jiji na kanisa letu, wakahesabu watoto waliokufa kwa surua hapa Kawangware. Wakaona kwamba wengi walitoka kwenye vyumba vya sisi Wajaluo, watu wa ziwa, na hali sisi ndio wachache hapa. Basi wakaita mkutano kanisani. Daktari mmoja wa wizara akauliza, dawa ni moja, barabara ni moja, kliniki ni moja, sasa kwa nini watoto wa upande mmoja ndio wanaozikwa? Mzee Naftaly, mwenyekiti wa kamati, ambaye ana ploti kadhaa za vyumba vya kupangisha huku juu, akajibu kwa upole kwamba yeye siku zote amedhani watu wa ziwa hawapendi sindano.

Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa. Sijui nilipata wapi ujasiri, nikasimama. Nikawaambia kwamba kliniki inafunguliwa saa mbili asubuhi, na saa hiyo wanawake wetu wako Lavington kwa matajiri wameinama juu ya nguo za watu, na anayekosa kibarua siku hiyo watoto wake wanalala njaa. Nikasema kwamba hata yule anayejinyima akaenda, majina yanaitwa kwa Kikuyu, na maelezo ni kwa Kikuyu, asijue kama ameambiwa arudi au angoje, na wenzake wakicheka hajui kama wanamcheka yeye. Nilidhani nitafukuzwa. Lakini daktari aliandika kila nilichosema, na Sista Gathoni, muuguzi wa ile kliniki, akasema hakuna aliyewahi kumwambia hivyo.

Hapo ndipo zikaanza hizi Jumamosi za chanjo. Wizara ikaleta dawa, jiji likakubali Sista Gathoni afanye kazi Jumamosi mchana wakati vibarua wamerudi, na kanisa likatoa friji ya mafuta taa. Chumba kilitolewa na Mama Wakarima, yule mjane mwenye ploti tunayoishi. Alikuwa anaweka magunia ya viazi humo, akayatoa yote na kupaka kuta chokaa kwa mkono wake. Sisi wapangaji tulitoa wanawake wanne wa kupita nyumba kwa nyumba. Tulifundishwa wiki mbili Kibera, kwenye ukumbi wa kanisa, tukienda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Mimi nikafanywa kiongozi wao kwa sababu nilimaliza darasa la saba.

Kazi yenyewe si kama watu wanavyodhani. Ni kugonga milango. Unagonga hamsini, inafunguliwa ishirini, na ndani ya hiyo ishirini unasikilizwa kwa mitatu. Wamama wetu walikuwa wakificha mtoto mwenye surua. Waliamini akitolewa nje au akidungwa sindano, ugonjwa utarudi ndani umuue, kwa hivyo wanatundika kitambaa mlangoni na kumkamulia majani machoni. Mimi niliwaambia mpaka sauti ikakauka: msifiche, na msitie majani machoni, majani yanaua macho. Nililisema hilo kila siku, dada. Hata usingizini Nashon alinisikia nikilisema.

Jumamosi ya kwanza, mwezi wa Machi, walikuja watoto kumi na mmoja. Nililia. Mama Wakarima akanikalisha, akanipa chai, akasema kumi na mmoja ni kumi na mmoja. Wiki iliyofuata akaanza kutembea nami, mwanamke wa umri wake, asiyejua neno moja la Kijaluo, akisimama mlangoni na mkoba wangu mkononi. Mwanzoni wapangaji walidhani amekuja kuwafukuza. Baadaye wakaanza kumkaribisha uji. Kufika Mei tulikuwa tukichanja watoto zaidi ya mia kwa Jumamosi moja, na mstari ulikuwa mmoja, wa wenye ploti na wa wapangaji, na Sista Gathoni alikuwa amejifunza kuuliza jina la mtoto kwa Kijaluo, ingawa alilitamka vibaya na wamama walicheka, naye akacheka.

Sasa nimefika mahali ambapo nimekuwa nikiogopa kufika.

Ulipomleta Amolo Januari, uliniomba jambo moja tu. Uliniambia kwamba hajapata sindano ya surua, kwamba ulitembea hadi zahanati mara mbili ukaambiwa dawa imekwisha, na kwamba moyo wako utatulia akiwa Nairobi karibu na dawa. Ukanipa kadi yake ya chanjo ikiwa imefungwa kwenye karatasi ya nailoni. Niliiweka ndani ya sanduku. Kila Jumamosi nilimwacha kwa jirani yetu Kageha, kwa sababu singeweza kupanga mstari, kutafsiri, na bado kumshika yeye. Nikasema wiki ijayo. Kutoka mlango wangu hadi chumba cha Mama Wakarima ni hatua ambazo hata mama na mguu wake angetembea bila kupumzika. Nilishika watoto wa watu wadungwe, mamia yao. Jumamosi kumi na nne zilipita na wa kwako sikumpeleka.

Katikati ya Juni akashikwa na homa. Macho yakawa mekundu, kisha vipele vikatokea nyuma ya masikio. Nilijua siku hiyo hiyo. Hakuna mtu Kawangware nzima aliyejua dalili hizo kuliko mimi. Lakini nikafikiri, nikimpeleka, Sista Gathoni ataomba kadi, na kadi ni tupu. Na mkubwa kutoka wizarani alikuwa aje wiki hiyo kuona kazi yetu, nami ndiye niliyepangiwa kuzungumza mbele yake. Basi nikatundika kitambaa mlangoni. Nikamwambia Kageha ni malaria. Nashon nilimwambia nimeshapewa dawa na Sista.

Siku ya nne macho yalishikana. Akawa analia kwamba mwanga unamuuma. Mwanamke mmoja wa ploti ya pili alinipa majani, nami nikayaponda na kumkamulia machoni. Ni mimi, Seline. Si mwingine. Alipiga kelele, kisha akanyamaza, nami nikajiambia dawa imeshika.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya wageni. Hema lilipigwa, viti vikaletwa, wanafunzi wakaimba. Mkubwa akasema Kawangware imeonyesha mfano wa serikali na wananchi kushikana mikono, ili mtoto wa mpangaji awe na nafasi sawa ya kuishi na mtoto wa mwenye ploti. Nikaitwa mbele nikapewa karatasi yenye muhuri. Nikasimama nikawaeleza watu jinsi surua inavyoharibu macho na kwa nini mtoto asifichwe. Walipiga makofi. Na mtoto wako alikuwa amelala nyuma ya kitambaa, mwendo wa dakika mbili tu kutoka hapo.

Mama Wakarima ndiye aliyeona kwamba sikugusa chakula wala soda. Akanifuata nyumbani bila kuniambia. Aliposukuma kile kitambaa alisimama kidogo, akainama, akamgusa mtoto shingoni.

Akaniuliza, “Kadi ya huyu mtoto iko wapi?”

Nikaanza kumfunika mtoto upya.

“Risper. Nimekuuliza kadi.”

Nikafungua sanduku nikampa. Akaifungua, akaangalia ile nafasi nyeupe, akanirudishia. Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alifungua leso aliyokuwa amejifunga kwa ajili ya wageni, akamfunga Amolo mgongoni, akatoka kwenda barabarani kutafuta gari, nami nikimfuata bila viatu, tukapita mbele ya hema watu wote wakituangalia.

Tulikaa hospitali wiki tatu. Walimpa vidonge vya vitamini na dawa ya kupaka. Daktari aliniambia ni surua, ni chakula duni, na ni majani. Akauliza nani alitia majani. Nikasema ni mimi. Akaandika.

Nitakuandikia wazi, usije ukasikia kwa mtu mwingine. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto lina kovu. Kwa hilo anajua mchana na usiku, na kitu kikiletwa karibu anajua rangi yake. Daktari anasema halitarudi kuwa zaidi ya hapo. Mwili wake umepona. Anakula, anacheza, amenenepa kidogo. Anawatupia kuku wa Mama Wakarima mabaki ya ugali, na mtu akimshika mkono kumwonyesha njia anakasirika na kuuvuta. Ana hasira zako.

Nilipotoka hospitali nilikwenda mbele ya kamati nikasema yote. Sista Gathoni alisema niweke kitambulisho changu cha kazi mezani, nikakiweka. Nilishukuru hata, nikajua sasa nitalala. Lakini Jumamosi mbili zilizofuata walikuja watoto tisa, halafu sita, na hapakuwa na mtu wa kuzungumza na wamama. Sista akaja mwenyewe mpaka mlangoni na kile kitambulisho. Hakusema amenisamehe. Alisema hana mwingine. Nikakichukua.

Kwa hivyo bado napita nyumba kwa nyumba, ila siku hizi siwafundishi kama zamani. Nawaambia nilichokifanya mimi, na mtoto ni wa nani. Wengine wanafunga mlango. Mmoja aliniuliza mbele ya watu kama nilikuwa na wivu na dada yangu. Mwanamke mwingine, mwezi uliopita, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta pazia la kitanda akanionyesha mwanawe amejaa vipele. Tulimkimbiza saa hiyo hiyo. Amepona, na macho yake ni safi kabisa. Watu walinipongeza. Mimi nilimwangalia yule mtoto akinitazama, na sitakuficha, sikupata furaha. Niliona uchungu tu, nikaenda zangu nyumbani.

Dada, siombi unisamehe katika barua, maana si jambo la karatasi. Nilikuwa na sababu nyingi za kuchelewa kukuandikia na zote zilikuwa za kujilinda. Nashon alitaka aandike yeye, nikakataa. Kuna shule ya watoto wasioona ambayo daktari amemwandikia Amolo barua ya kujiunga nayo. Masomo yanaanza Januari, lakini wanataka mzazi aende mwenyewe akubali au akatae. Mimi sina haki ya kukuamulia. Ukiona heri umrudishe nyumbani, nitafunga vitu vyake. Ukitaka asome, nitampeleka na kumchukua kila likizo maisha yangu yote. Ukisema nisimguse tena, hilo pia nitalitii, na Mama Wakarima amesema atakaa naye mpaka ufike.

Nisalimie mama, lakini naomba usimwambie kabla hujamwona mtoto kwa macho yako. Nisalimie shemeji Dalmas. Yeye mwambie, ni haki yake, na akitaka kuja kunifokea aje. Nashon anawasalimu wote, na Kageha ambaye hamjaonana anakusalimu pia. Nauli nimeiweka ndani ya bahasha. Panda basi la usiku wa Ijumaa. Jumamosi hii sitakwenda kwenye chanjo, nimeshamwambia Sista. Nitakuwa stendi na Amolo tangu alfajiri.

Ukishuka usianze na mimi. Niache. Zunguka upande wake wa kushoto, umkaribie sana, mpaka uso wako uwe karibu kumgusa, kisha ungoje kidogo. Akifikiwa hivyo, anaona.

Ni mimi mdogo wako,
Risper