Jumatano Zetu Usiziguse

Malindi, Unguja
12 Mei 2024

Mpendwa Kaka Mansour,

Shikamoo. Natumai wewe na wifi yangu Dalal hamjambo huko Maskati, na mguu wako umepata nafuu. Sisi tupo, ila mimi nna hasira nawe. Kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza, ndiyo maana naandika. Jirani yetu Bi Kidawa anasafiri kesho, atakupa barua mkononi.

Juzi ulimpigia mume wangu Talib, ukamwambia tunatoa siri za nyumba kwa watu baki, na kwamba Nadra anataka kisomo cha Kurani tu. Kisomo tumemsomea, kaka, na tunaendelea. Lakini mpwa wako ana miaka kumi na sita, na tangu Januari haendi skuli, hachani nywele, hali mpaka abembelezwe. Daktari ameuita ugonjwa wa sonona. Ndipo tukapelekwa kwa mshauri, Bi Ulfat, anayetuweka sote watatu chumba kimoja kila Jumatano.

Unalijua daftari langu. Siku ya kwanza nilikwenda nalo, nikamsomea Bi Ulfat: tarehe 9 Februari, hakula, tarehe 12, kalala mpaka adhuhuri. Nilitaka aone mimi mama wa namna gani. Nadra akaniangalia.

“Mama, yote umeyaandika. Lini uliniuliza?”

Nilirudi nyumbani nikapekua kurasa zote. Hakuna.

Talib siku hiyo alishika kofia yake aondoke. Bi Ulfat akamwambia, “Kaa, Bwana Talib. Hapa hashitakiwi mtu.” Akakaa. Amejifunza kunyamaza mpaka mtoto amalize. Jumatano iliyopita Nadra alimtania: “Baba, dakika tano kimya! Au unaumwa?” Nilicheka mpaka nikalia. Miezi minne nilikuwa sijasikia mzaha kinywani mwake.

Na wewe, kwa simu moja, umeyavunja yote hayo. Talib anasema haendi tena, mkubwa wetu ameshasema. Jana Nadra alijifunika kanga uso. Safari hii sikuandika kwanza. Nikaketi kitandani kwake, nikamuuliza.

“Baba asipokwenda, na mimi siendi.”

Umetuhukumu hujakaa chumba kile hata mara moja! Mpigie Talib, umwambie umekosea. Jumatano ni saa tisa mchana.

Nisalimie Dalal na mwanao Khalil. Mungu akuponye mguu, akulainishe na moyo.

Akupendaye hata leo,
Dadako Shariffa