Chungu cha Munkoyo Kilichooshwa

Kalemie, Jumapili baada ya misa

Kisimba, ndugu yangu,

Kosa la watu wengi ni kumnyang'anya mnywaji kikombe chake na kumwacha mikono mitupu. Wanadhani kazi imekwisha. Hawajiulizi: jioni inapofika, mtu ametoka kazini, koo limekauka kwa vumbi la reli, wenzake wamekaa kwenye benchi wanamwita kwa jina, mkono wake utashika nini? Hawajampa kitu. Basi mkono unarudi palepale ulipozoea, na kesho yake haohao ndio wa kwanza kusema, "Tulijua huyu hataweza."

Unanijua. Hata salamu siwezi kuitoa bila kufundisha kwanza. "Mwalimu, masomo yamefungwa, pumuzika," ndivyo ulivyokuwa ukiniambia, ukinivutia kiti. Haya, nimekusalimu sasa. Ninakuandikia kwa sababu nina habari za Ngoy, mtoto wako, na ni habari ambazo ningetaka kukuletea kwa miguu yangu, bila kupumzika njiani, mpaka mlangoni kwako. Mlango upo. Kiti chako kipo. Wewe ndiye... Acha niandike.

Unakumbuka siku ile hospitalini nilipokuja na machungwa, nawe ukakataa kuyala mpaka nikuahidi. Sauti ilikuwa imepungua, lakini ulisema wazi: "Mwalimu, Ngoy usimupige na maneno. Umukalie tu karibu." Nilikuahidi, ingawa sikujua nitafanyaje. Maneno ndiyo silaha yangu pekee.

Ulipotutoka, Ngoy alizidi. Zamani alikunywa lutuku, ile gongo ya kienyeji, siku ya mshahara. Baada ya mazishi akanywa kila jioni, na lutuku si kinywaji cha kuchezea. Inapita kooni kama moto na kesho yake mtu hana macho. Asubuhi moja shefu wa depo ya treni alimsogelea, akanusa, akamteremsha kwenye injini palepale mbele ya wenzake. Akampa ufagio. Mtoto wa Kisimba, aliyefundishwa na baba yake kusikiliza injini kabla ya kuigusa, akawa anafagia mabehewa. Shefu hakuwa mtu mbaya. Alimwambia: "Nitakujaribu tena kisha matanga ya mzee wako. Ukirudi toka matanga unanuka lutuku, utakufa na huo ufagio." Maana anajua, kama sisi sote, watu wanavyorudi kutoka kuondoa matanga, siku ya kufunga kilio: wamelewa.

Hilo ndilo lililokuwa mezani, Kisimba: kiti chako cha dereva, kipate mtu wa nyumba yako au kisipate.

Nikaenda kumkalia karibu, kama ulivyotaka. Nilikaa kwenye benchi lako jioni baada ya jioni, nikanyamaza. Mama Kabulo, mke wako, alinitazama kama mtu mgonjwa. Hajawahi kuniona nimenyamaza kiasi hicho. Ngoy mwenyewe ndiye aliyevunja ukimya. "Papa Mwalimu, naweza kuacha. Lakini nikiacha, jioni inakuwa murefu sana." Nikafurahi moyoni. Mtu akishajua kwamba tatizo lake ni jioni, tayari amejua nusu ya kazi.

Tukaanza kutafuta cha kujaza jioni ile. Maji aliyaita adhabu. Chai ilimtoa jasho. Tangawizi ya Mama Kabulo, iliyopondwa na kutiwa ndimu na sukari kidogo, aliipenda, kwa sababu inawasha koo, na yeye alikuwa anatafuta kitu cha kuwasha koo. Bia hakuiacha yote, wala sikumwomba. Alibakiza chupa moja ya Jumamosi, baada ya salongo, wakati mtaa mzima umetoka kufyeka majani na kuzibua mitaro, naye akajifunza kuichanganya nusu kwa nusu na limonadi, panashe kama wanavyoiita kule bandarini. Wenzake walimcheka: "Sitwayen, ndugu raia, hiyo ni ya mabibi-arusi!" Akawajibu, "Basi mnioe," akaendelea kunywa polepole. Siku ile nilijua ana akili zako.

Lakini kinywaji cha kila siku kilikuwa munkoyo. Wewe ni mtu wa Moba, huhitaji kuelezwa, ila nitakueleza kwa sababu napenda. Unapika uji wa mahindi, unauacha upoe mpaka uwe vuguvugu, kisha unatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Uji uliokuwa mzito unalegea wenyewe kama umesikia amri, unakuwa mwepesi na mtamu. Unauchuja, unauacha ulale, na kesho yake una ladha ya utamu na uchachu kidogo, na hata mtoto wa ubatizo anapewa. Ngoy aliupenda. Nami nikajisifu kwamba tumeshinda.

Hatukuwa tumeshinda. Baada ya muda nikaona macho yake yamerudi kuwa mekundu, na ulimi mzito wakati wa jioni. Nilitaka kumpiga na maneno, Kisimba. Yalikuwa yamenijaa mdomoni. Nikayameza, nikamwomba kikombe chake, nikaonja. Munkoyo, ndiyo, lakini ulikuwa unauma kama bia ya mtama. Aliapa kwamba anaupika upya kila siku, na Mama Kabulo akaapa pamoja naye.

Nikamuuliza mkeo: "Mama, chungu mnakiosha na nini?"

Alinitazama kama nimeuliza anaosha jua na nini. "Kuosha? Mwalimu, chungu ya munkoyo haioshwake. Ukiiosha, utamu inaenda."

Ndivyo mama yake alivyomfundisha kule Moba, na bibi yake kabla ya hapo. Machicha yanabaki chini, uji mpya unamiminwa juu ya yale ya zamani. Sasa fikiri. Yale machicha hayalali. Yanafanya kazi ya chachu katika unga wa mkate: yanaushika uji mpya na kuusukuma, na jioni ileile umekwisha kuwa pombe. Ngoy alikuwa anapika kila siku kwa moyo safi, lakini munkoyo wake haukuwahi kuwa wa siku moja. Ulikuwa wa tangu chungu kile kilipotoka kwa mfinyanzi.

Mama Kabulo hakukubali upesi. Kukiosha chungu alichopewa na mama yake kulikuwa kama kumjibu mama yake vibaya. Akakaa nacho mapajani muda mrefu. Kisha akainuka, akasema, "Utamu iende basi, mutoto abaki," akaenda nacho ziwani mwenyewe. Alikisugua kwa mchanga, akakimwagia maji ya moto, akakianika juani mdomo ukiangalia juu. Sijapata kuona somo linafanyika vizuri hivyo. Na utamu haukuenda. Munkoyo wa kesho yake ulikuwa laini, na Ngoy alikunywa kikombe juu ya kikombe, akaamka na macho yake mwenyewe.

Sasa nikupeleke kwenye matanga yako, maana hapo ndipo moyo wangu ulipokuwa unadunda.

Ndugu zako walifika kutoka Moba, na Mukalay mdogo wako mbele yao, amebeba bidoni, dumu zima la lutuku, begani kama mtoto mchanga. Unajua desturi ya kwenu: mtoto mkubwa wa marehemu anafungua kinywaji, anaonja wa kwanza mbele ya wazee, ili wote wajue ni kizuri, kisha anawamiminia. Ngoy asingeweza kukimbia. Kinywaji chochote kitakachofunguliwa, kikombe cha kwanza ni chake. Na asubuhi iliyofuata alikuwa na shefu wa depo.

Nilitaka kusimama niseme. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, yenye sehemu tatu. Ngoy akanigusa goti, nikakaa. Alikuwa amevaa abakosi yako ya kijivu, lile koti lisilovaliwa na tai. Mabega yameanza kuijaza. Akaingia ndani, akatoka na chungu cha mama yake, akakiweka katikati, kando ya bidoni, akakifungua.

Mukalay alichungulia. "Hii ni nini? Kisimba alikuwa muntu muzima, ameendesha treni miaka yote. Mutamuondolea matanga na uji?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Ngoy akachota, akanywa mbele ya wote mpaka chini, akapangusa mdomo, akajaza kikombe kilekile, akampa baba yake mdogo kwa mikono miwili.

"Baba mudogo, onja kwanza. Kisha utatukana."

Cheko likageuka upande. Mukalay hakuwa na pa kutokea, akanywa. Akanywa tena. "Eh! Nani amepika?" Ngoy akasema, "Ni mie." Na Mukalay, yuleyule, akageukia wazee: "Huyu njo mutoto wa kaka yangu! Mulete vikombe." Nilitazama pembeni kidogo, kwa sababu ya moshi.

Sitakudanganya kwamba bidoni ilirudi Moba imejaa. Baadaye Mukalay na wenziwe wawili waliipeleka nyuma ya nyumba, na tuliwasikia wakiimba. Lakini chungu kiliisha kabla ya bidoni, na mwanao alikaa nasi mpaka mwisho, akawasindikiza wageni, akalala.

Asubuhi shefu wa depo alimsogelea tena. Alinusa, Ngoy ananiambia, kama mtu anayechagua samaki. Kisha akamnyang'anya ufagio.

Hakupewa injini siku ileile. Alirudishwa kuwa msaidizi kwanza, akatazamwa kwa muda, na juma lililopita akapewa treni ya Kabalo, yeye dereva. Mama Kabulo na mimi tulikwenda kusimama pale reli inapofuata mto Lukuga, mahali ulipozoea kutupigia honi. Ilikuja taratibu. Alikuwa ametoa kiwiko dirishani, kama wewe, kile kiwiko ambacho shefu wa zamani alikukataza. Akatupigia honi. Mama Kabulo alivua kitambaa chake cha kichwa akakipunga mpaka behewa la mwisho likapotea, na mimi, mzee mzima, nilipunga kofia. Hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kunipa fahari kama ile, na sehemu kubwa ya somo lile uliitoa wewe: usimpige na maneno, umkalie karibu.

Basi nenda salama, Kisimba. Pumzika. Ninakuahidi kwamba treni ya Kabalo ikirudi, nitakuwa kwenye benchi lako na vikombe viwili, na jioni haitakuwa ndefu kwa mtoto wako maadamu mimi nina miguu ya kufika pale.

Jambo moja limebaki. Mukalay hakurudi Moba na wenziwe. Yupo hapa uani kwangu ninapoandika, ameshika kichwa. Leo asubuhi aliniuliza, bila kunitazama, "Mwalimu, na muntu ya umri yangu, kuacha lutuku anaanzia wapi?" Anasubiri hotuba. Nimefikiri juu ya yote ninayoweza kumweleza, tangawizi, panashe, mizizi, jioni, nikaona yote hayo yatakuja kwa wakati wake. Nimemsomea barua hii mpaka hapa, na ninamwambia neno moja tu, kama ungekuwepo ungemwambia hivyohivyo:

Mukalay, ndugu yangu, chukua mchanga na maji ya moto, na leo, kabla jua halijazama, osha chungu.