Koti la Shosho kwa Mstari wa Mahindi

Safia uko? Usinipigie, andika tu. Siwezi ongea saa hii.

Asubuhi darasa letu lilipelekwa kupakia mahindi ya msaada. Mchana tukaenda kuona vile wanashona nguo za ile filamu ya watu waliokuja kununua mashamba huku miaka ya sitini. Mle ndani kulikuwa na joto ya pasi, nikavua koti nikaweka kwa kiti.

Koti la shosho, Safia, la nyanya yangu. Lile la kahawia lenye kiraka kwa kiwiko.

Kugeuka, naona mama wa mavazi ameliinua juu kama moja ya nguo zake za filamu, anafundisha. "Hii ni ya mjane kwa mstari wa mahindi ya njano ya msaada. Ndio nguo ikae ya mtu mwenye njaa, tunaichemsha na majani chai, tunaisugua na msasa."

Ya mtu mwenye njaa. Alisema hivyo, na mwalimu akaandika.

Gerishon wa darasa letu akauliza kulichakaza hivyo kulichukua muda gani. Mama akasema wiki mbili.

Shosho alilivaa miaka arobaini. Ndilo alivaa siku aliokota kura ya kugawiwa shamba lake kule Ainabkoi.

Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, Safia. Mimi pia nilipiga.

Wakalitundika na mengine, wakalibandika namba.

Tukitoka mvua ilikuwa imeanza. Mwalimu akaniangalia, akaniuliza, "Nduta, wewe hukuja na koti?"

Nikamwambia sikuja nalo.