Semhar Ateremka Nefasit

Asmara, Jumapili

Mwanangu Filmon, fahari ya mtaa mzima,

Mdogo wako Semhar ameshinda mbio za baiskeli za kuteremka mlima hadi Nefasit! Nimemmwagia bisi, kama tunavyowapongeza washindi hapa kwetu, mpaka nywele zikawa nyeupe, na kila mtu sasa anajua nani kamzaa.

Aliendesha baiskeli uliyomtumia kutoka huko Ubelgiji unakoshindana, ile ya breki za diski, zinazobana kisahani cha katikati ya gurudumu badala ya ringi. Fundi Tekle alimtania: "Binti, diski nzito hizo! Moja ikipinda, utampigia simu kaka yako? Breki za kubana ringi natengeneza hata nikisinzia."

Semhar akamjibu, "Ringi ikilowa, breki hazikamati, Baba Tekle. Wewe sinzia tu."

Siku ya mbio nilimngoja chini ya mteremko. Ukungu ulijaa bondeni kama maziwa, kimya kabisa, kisha akachomoza humo akicheka, kama aliyetoka ndotoni. Pale kwenye kona ulipoanguka wewe mwaka ule, ringi zikiwa zimelowa, yeye alipita salama.

Jioni akaniuliza, "Mama, ni kweli kaka siku hizi akifika mteremkoni anashuka na kuikokota baiskeli?"

Nikamwambia ni uongo wa wenye wivu.

Mwanangu, tafuta hata kilima kidogo, ukiteremke ukiwa umekaa kitini, kisha uniandikie, nisiwe nimemdanganya mtoto.

Mama yako akupendaye,
Letebrhan