Mkia Haujaoza

Shosti, wifi yangu ameondoka sasa hivi, mlango kaubamiza. Alitaka kumtupa chooni samaki wangu wa urembo, yule beta. Chooni! Samaki mzima, anakula!

Nimemkuta jikoni ameshamchota kwa kikombe. "Mkia umeoza huu, wifi. Utamuua kaka yangu kwa maradhi!"

Nikamwambia, "Mrudishe." Nikamweleza kwamba pezi la mkia linalooza huanzia ukingoni, huingia weusi, na kila siku hupungua. Hili limechanika ghafla, ukingo safi kabisa.

Akacheka. "Leo tuna daktari wa samaki!"

Basi nikatoa kwenye tangi ule mmea wa plastiki, zawadi yake mwenyewe. Nikachukua soksi yake nyembamba aliyoivua mlangoni, nikaipitisha kwenye majani. Ikanasa. Nikavuta, ikachanika mbele ya macho yake!

"Umeniharibia soksi!"

"Na mmea wako umemharibia mkia. Soksi haioti, wifi. Mkia utaota, nikimpa maji safi."

Chooni, shosti! Bado siamini.

Mmea nimemkabidhi, kaondoka nao kwapani. Samaki kabaki tangini mwake. Akija tena, atamtazama mikono ikiwa nyuma.